Fuzz Face ya kuunganisha mwenyewe: sauti nyembamba, nota inakatika ghafla. Tatizo liko wapi?

nyuzi_sita:
Habari wakuu. Naomba msaada wa pedali ya gitaa niliyoiunganisha kwenye Veroboard (bodi ya matundu yenye mistari ya shaba). Saketi ni Fuzz Face (pedali ya kukwaruza sauti ya gitaa) ya transista mbili za silikoni aina ya NPN, hasi ndiyo graundi, betri ya volti 9. Vipuri ni hivi: T1 na T2 zote BC547B. Rezista 33k (kolekta ya T1), 8.2k na 470 (kolekta ya T2), 100k (kutoka emita ya T2 kurudi beisi ya T1). Kapasita 2.2µF ya kuingilia, 22µF kwenye poti (rezista inayogeuzwa kwa nobu) ya Fuzz, 10nF ya kutokea. Poti ya Fuzz ni B1K, ya Volume ni A500K.

Inavyolia: sauti ni ndogo kuliko gitaa likichomekwa moja kwa moja, na ni nyembamba kama ya spika ya simu. Ukipiga uzi kwa nguvu nota inatoka, kisha inakatika ghafla badala ya kufifia. Ukipiga taratibu hakuna kitu. Nobu ya Fuzz inabadilisha kidogo sana. Kapasita zote nimeshazibadilisha, na rezista mbili pia. Swichi ya mguu sijaiweka.

fundi_saketi:
Mkuu, weka chuma cha kulehemu chini kwanza. Kubadilisha vipuri kwa kubahatisha kunachosha shaba ya bodi, inaanza kubanduka, na hapo unakuwa na matatizo mawili. Saketi hii ina sehemu tano tu za kupima, na mita ya bei ndogo inatosha.

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi iwe graundi muda wote, kwenye bati la jeki. Chomeka waya kwenye jeki ya kuingilia lakini usipige gitaa. Geuza Fuzz mpaka mwisho. Kisha soma betri, beisi ya T1, kolekta ya T1 (ndiyo hiyo hiyo beisi ya T2), emita ya T2, na kolekta ya T2. Pima kwenye mguu wenyewe wa transista, usipime kwenye lehemu. Lehemu iliyopoa vibaya inaweza kuonyesha volti sahihi huku mguu haujashika.

Namba unazotakiwa kuzikuta nakutolea hapa ili ujue zinatoka wapi. Beisi ya T1 hukaa karibu na 0.6. Emita ya T2 inaizidi kidogo tu, 0.68 hivi, maana mkondo wa beisi unaopita kwenye ile 100k ni mdogo. Poti ya Fuzz ni 1k, kwa hiyo 0.68 gawanya kwa 1k, mkondo wa T2 ni mA 0.68. Mkondo huo ukipita kwenye 8.2k jumlisha 470 unapoteza volti 5.9. Zikitoka kwenye 9, kolekta ya T2 inabaki na 3.1. Kolekta ya T1 itakuwa 1.3 hivi. Leta zako tulinganishe.

nyuzi_sita:
Asante mkuu. Nimepima mara mbili:
Betri 9.02
Beisi ya T1 0.57
Kolekta ya T1 1.70
Emita ya T2 1.08
Kolekta ya T2 1.31

fundi_saketi:
Angalia hizo mbili za mwisho. Kati ya kolekta na emita ya T2 kuna volti 0.23 tu. T2 imefunguka yote, haina nafasi ya kushuka tena. Ndiyo maana nota ndogo hazitoki, na kubwa zinatoka zimekatwa upande mmoja.

Sasa tujiulize kwa nini T2 imefunguka. Kazi ya kuizuia ni ya T1: inatakiwa kuvuta mkondo wa ile 33k, karibu mA 0.23, ili beisi ya T2 ibaki na kidogo tu. T1 yako haivuti. Tazama 100k: upande mmoja 1.08, mwingine 0.57, tofauti 0.51. Kwa hiyo µA 5 zinaingia kwenye beisi ya T1. BC547B yenye ukuzaji wa 290 ingehitaji chini ya µA 1 kufanya kazi yote hiyo. Yako inapewa mara sita ya mahitaji na bado haiwezi. Ama imekufa, ama miguu yake imegeuzwa.

Mchoro wa Veroboard ulioufuata ulikuwa wa transista gani?

nyuzi_sita:
Mchoro ulikuwa wa 2N3904. Dukani hazikuwepo, muuzaji akanipa BC547 akasema ni kitu kimoja. Uso bapa nimeuelekeza kama mchoro unavyoonyesha.

fundi_saketi:
Basi umeshapata. Kwa matumizi zinakaribiana, kwa miguu zimepishana. Shika transista uso bapa ukikutazama, miguu chini, soma kushoto kwenda kulia:

2N3904: emita, beisi, kolekta.
BC547: kolekta, beisi, emita.

Zote mbili umezigeuza. Linalowapotosha wengi ni kwamba transista iliyogeuzwa kolekta na emita haifi, na kwa volti 9 hailiwi moto. Inaendelea kufanya kazi, ila ukuzaji unashuka kutoka mamia mpaka namba kama 4 au 5. Kwa hiyo sauti inatoka, mbaya, na mtu anahukumu kapasita.

Beisi ya zote mbili iko katikati, kwa hiyo hakuna kuchora upya. Zitoe, zizungushe nusu duara, zirudishe. Ukizitoa, pasha mguu mmoja mmoja na uivute kidogo kidogo huku ukiinamisha kichwa cha transista. Usiing'oe kwa nguvu, mstari wa shaba utanyanyuka nayo.

mama_mita:
Naongezea hapo kwa wanaookota vipuri kwenye redio mbovu. Mtakutana sana na C1815, jina kamili 2SC1815. Hiyo uso bapa ukikutazama ni emita, kolekta, beisi. Beisi iko pembeni! Kuizungusha hakusaidii kitu, lazima uvushe mguu juu ya mwingine na uvishe ganda la waya ili visigusane. BC108 ile ya kopo la chuma ina kijimo kwenye ukingo. Mguu ulio karibu na kijimo ndio emita.

Kama maandishi yamefutika, tumia kipimo cha dayodi. Ncha nyekundu kwenye mguu mmoja, nyeusi gusa miwili iliyobaki. Mguu unaosoma 0.6 na kitu kwa wote wawili ndio beisi ya NPN. Kisha linganisha hizo namba mbili bila haraka: emita husoma juu kidogo kuliko kolekta, mfano 0.668 kwa 0.661. Tofauti ni ya tarakimu ya mwisho au ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo usishike transista kwa vidole, joto la mkono linasogeza namba. Mita yenye tundu la hFE (ukuzaji wa transista) inathibitisha: iweke unavyodhani, kisha igeuze. Upande unaosoma mamia ndio sahihi.

kamba_ya_E:
Dalili hiyo hiyo ya nota kukatika inaweza kuja kutoka upande wa pili kabisa, tusije tukamfanya kila mtu ageuze transista. Ukikuta kolekta ya T2 iko 8 na zaidi badala ya 1, T2 imefunga. Sababu ya kwanza ya kutazama ni poti ya Fuzz. Ile si nobu ya ladha tu, ndiyo rezista ya emita ya T2. Mtu akikosa B1K akaweka B10K, emita bado inakaa 0.68 lakini mkondo unakuwa mA 0.068, rezista za kolekta zinapoteza volti 0.6 tu na kolekta inapanda mpaka 8.4. Sauti inatoka kama inararuka. Poti ya 1k inaweza kuandikwa B1K au B102, na B103 ni 10k.

Ya pili ni rangi za rezista. 8.2k ni kijivu, nyekundu, nyekundu. 820 ni kijivu, nyekundu, kahawia. Kwenye zile za bluu zenye mistari mitano nyekundu na kahawia hazitofautiani chini ya taa ya njano. Usizisome kwa macho, zipime kabla hazijaingia kwenye bodi.

nyuzi_sita:
Nimezigeuza zote mbili. Vipimo vipya:
Beisi ya T1 0.60
Kolekta ya T1 1.29
Emita ya T2 0.68
Kolekta ya T2 3.08

Sauti ni kubwa sasa na nota inavutika mpaka mwisho. Nimebaki na mambo mawili. Sauti nzito zinabanwa, uzi wa sita unatoka kama umefunikwa blanketi. Na usiku inaingia stesheni ya redio, mtangazaji anasikika kabisa nisipopiga.

fundi_saketi:
Namba zako zimekaa pale pale, T1 na T2 ziko sawa.

La kwanza. Ile 8.2k ilipangwa kwa transista za jerumani (madini ya germanium, si nchi ya Ujerumani) za Fuzz Face za mwanzo, za Arbiter ya London mwaka 1966. Kwa silikoni inashusha kolekta mno. Unataka ikae katikati ya betri, 4.5 hivi, ili wimbi liwe na nafasi juu na chini. Volti 4.5 kwa mA 0.68 ni 6.6k. Toa 470, inabaki 6.15k, kwa hiyo weka 6.2k. Vizuri zaidi weka trima (poti ndogo ya kugeuza kwa bisibisi) ya 10k badala ya 8.2k, igeuze mita ikiwa kolekta ya T2 mpaka isome 4.5, halafu piga gitaa na usogeze kidogo huku na huku. Hiyo 4.5 ni pa kuanzia. Mimi napenda 5 kwa gitaa la pikapu za koili moja, nota zinaachana vizuri zaidi. Ukivuka 6 utaanza kusikia ule mkatiko tena.

La pili. Silikoni zina ukuzaji mkubwa hata kwenye masafa ya redio, na waya wa gitaa ni antena. Lehemu kapasita ya seramiki ya 100pF (imeandikwa 101) kati ya kolekta na beisi ya T1, miguu mifupi kabisa, chini ya bodi kwenye miguu ya transista yenyewe. Kama bado, weka nyingine kama hiyo kwenye T2. Ukizidisha thamani utaona sauti kali inaanza kufa. Na boksi liwe la chuma, lenye mguso na graundi. Boksi la plastiki halizuii kitu.

kamba_ya_E:
Kabla hujalaumu volti kwa hilo blanketi, hakikisha rezista mbili za T2 hazijapishana. 470 iko juu, kwenye chanya. 8.2k iko chini yake, kwenye kolekta. Sauti inachukuliwa pale zinapokutana. Ukizipishanisha, volti za kolekta hazibadiliki hata kidogo, mita haitakuambia kitu, lakini badala ya kuchukua asilimia 5 ya wimbi unachukua karibu lote, na amplifaya yako inaanza kubanwa mlangoni.

Na tofauti ya nyembamba na iliyofunikwa ni muhimu. Nyembamba bila volti kuharibika, tazama kapasita ya kutokea. 10nF na Volume ya 500k vinakata chini ya Hz 32, gitaa lote linapita. Ukiweka 1nF (102 badala ya 103) inakata chini ya Hz 318, uzi wa sita wote unapotea. Volume ya 100k nayo inapandisha mpaka Hz 159.

mama_mita:
Kwa wasiokuwa na osiloskopu, tengenezeni kichunguzi cha sauti. Chukua waya wa gitaa wa zamani, kata ncha moja. Nyuzi za nje zifungwe kibanio cha mamba, kiende graundi ya pedali. Uzi wa ndani ulehemu kapasita ya 100nF, na mguu wa pili wa kapasita ndio sindano yako. Ncha nyingine nzima iingie kwenye amplifaya, sauti chini kabisa. Kapasita ni lazima, inazuia volti za DC zisiingie kwenye amplifaya.

Weka muziki wa simu kwa sauti ndogo kwenye jeki ya kuingilia, kisha gusa kwa mpangilio: jeki, beisi ya T1, kolekta ya T1, kolekta ya T2, makutano ya 470 na 8.2k, baada ya 10nF, mguu wa kati wa Volume. Mahali sauti inapokatika, kosa liko kati ya hapo na ulipogusa kabla. Angalizo moja tu: kwenye beisi ya T1 sauti inaweza kuwa dhaifu na imekufa kufa hata kama saketi ni nzima. Ile 100k inayorudisha ndiyo inayoibana hapo. Msitoe T1 kwa sababu hiyo.

Veroboard nayo inasumbua kwenye mikato. Ukiikata mistari kwa biti ya drili ya mm 4 unayozungusha kwa mkono, inua bodi kwenye mwanga. Mara nyingi pembeni ya shimo kumebaki unywele mmoja wa shaba unaong'aa, mwembamba kuliko uzi wa kwanza wa gitaa. Huo peke yake unaunganisha kolekta na emita. Pima kila mkato kwa kipimo cha mlio, mita isilie.

pwani_overdrive:
Wakuu, mimi niko Mombasa. Naona mnasema silikoni tu. Nimepata AC128 nne kwenye redio ya zamani, nazo zinasemekana ndizo zenye sauti laini. Nizitumie?

fundi_saketi:
Zinafanya kazi ndugu, lakini zijue tabia. Jerumani inavuja mkondo hata beisi ikiwa haijaunganishwa, na uvujaji unakaribia kuwa maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Pedali uliyoipangia 4.5 asubuhi yenye upepo itakuwa kwingine saa nane mchana jukwaani. Kwa pwani weka trima mahali unapoweza kuifikia bila kufungua boksi.

Zipime kabla. AC128 ni PNP (kinyume cha NPN): emita kwenye chanya ya betri ya 9, kolekta kupitia rezista ya 2.4k kwenda hasi, beisi iache hewani. Soma volti juu ya rezista. 0.24 maana yake µA 100 zinavuja. Yenye chini ya hapo iwe T1. Usiishike kwa vidole, utaona namba inapanda mbele ya macho yako. Iache dakika mbili itulie ndipo usome. Na usiamini tundu la hFE kwa jerumani, linahesabu uvujaji kama ukuzaji.

Kingine: kwa PNP chanya ndiyo graundi. Ipe betri yake. Ukiichomeka kwenye adapta moja na pedali nyingine, nyaya za gitaa zitaunganisha chanya na hasi, na hiyo ni shoti.

nyuzi_sita:
Nimeweka trima, imetulia 4.8. Uzi wa sita umefunguka, nota zinasikika moja moja hata Fuzz ikiwa mwisho. 100pF moja kwenye T1 imenyamazisha redio. Nimeshaweka na swichi ya mguu.

Swali la mwisho: umeme ukikatika naitumia na pawabenki yenye kibadilishi cha 5 kwenda 9. Kunatoka mlio mwembamba kama mbu, na kwa betri haupo.

kamba_ya_E:
Huo ni mlio wa kibadilishi chenyewe, na saketi hii haina kinga yoyote kwenye umeme wake. Weka rezista ya 100 kwenye waya wa chanya, na baada yake kapasita ya 100µF ya volti 16 au zaidi kwenda graundi, chanya ya kapasita upande wa saketi. Inapunguza kila kitu juu ya Hz 16. Saketi inakula chini ya mA 1, kwa hiyo unapoteza volti 0.1 tu. Taa ya LED na rezista yake ya 4.7k zichukue umeme kabla ya hiyo 100.

Kama mlio unabaki, graundi ndiyo inayoubeba. Jaribu pawabenki ikiwa inalisha hiyo pedali peke yake, bila nyingine kwenye mnyororo.

mama_mita:
Na usiiweke baada ya tyuna au pedali yenye bafa (saketi inayotenga pikapu na kinachofuata). Fuzz Face inataka kuguswa na pikapu moja kwa moja. Ukiteremsha Volume ya gitaa sauti inasafika, na bafa ikikaa katikati hilo halitokei, inabaki kali tu. Ikibidi ikae huko nyuma, tia rezista ya 10k mfululizo kabla ya ile 2.2µF, kisha panda kidogo kidogo mpaka ukali upungue.

Hiyo 2.2µF chanya yake iko upande gani? Beisi ina 0.6 na gitaa lina 0, kwa hiyo chanya ielekee beisi.

nyuzi_sita:
Ilikuwa imeelekea gitaa. Nimeigeuza.